Kujitekenya na Kucheka Mwenyewe

Katika kurasa hizi za gazeti letu mmezoea kusoma habari za kilimo, za safari na za mpira. Muhula huu nataka kueleza jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni kazi ya kuchekesha. Hasa nitaeleza kwa nini mchekeshaji hushindwa kuchekesha. Msidhani kwamba nawasema wengine tu. Mimi mwenyewe nimeshindwa mbele ya shule nzima, na wazee walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tuwapo likizoni, sisi sote hutazama vichekesho katika televisheni na katika simu za kaka zetu. Vingine hutuvunja mbavu. Lakini vingine, ingawa mchezaji amejipaka masizi, amevaa suruali iliyopasuka na anapiga kelele kama anayefukuza ndege katika mpunga, sisi humtazama tu kama tunavyotazama mvua. Kwa nini? Masizi ni yale yale, na suruali ni ile ile. Basi kosa liko wapi?

Naanza na kosa langu.

Ilikuwa Jumamosi usiku, baada ya chakula, katika bwalo letu. Sisi kidato cha nne tulitunga mchezo mfupi wa mkulima na mkewe waliotoka Malinyi kuleta mpunga Ifakara, wakakutana na mnunuzi mwenye debe. Mchezo wa mtu wa shamba afikaye mjini ni wa zamani sana katika nchi yetu. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliigiza katika sinema za Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1950, na moja ya sinema hizo, Muhogo Mchungu, ilihusu mtu wa shamba aliyefika Dar es Salaam. Nasi tulifuata njia hiyo hiyo.

Mimi nilipewa nafasi ndogo ya mlinzi wa ghala la mpunga. Nikafikiri moyoni: nafasi ni ndogo, lakini nitaifanya kubwa. Nikatia mto wa kitanda ndani ya shati nipate tumbo. Nikajipaka masizi. Nikasemea puani. Zaidi ya hayo, nikaamua kuchechemea kama mlinzi wa shule yetu, mzee ambaye sisi sote twamwita Babu. Bwenini wenzangu waliponiona wakacheka sana, nami nikaamini kwamba kazi imekwisha.

Nilipotokea bwaloni, kimya. Nikasema neno langu la kwanza, kisha nikacheka mwenyewe ili watu wajue kwamba hapo ndipo pa kucheka. Kimya. Nikaongeza sauti, nikaongeza kuchechemea, nikaongeza maneno ambayo hayakuwamo katika mchezo. Mtu mmoja akapiga miayo. Huko jikoni kijiko kikaanguka sakafuni, nacho kikapata kicheko nilichokitafuta mimi.

Baada yangu akaingia kijana wa kidato cha kwanza aliyeigiza mke wa mkulima. Alivaa khanga tu. Hakubana sauti wala hakukata viuno. Kazi yake ilikuwa kuhesabu madebe. Mnunuzi akamimina mpunga katika debe lililotunishwa matumbo, akalitikisa, akalishindilia, kisha akaweka kilima juu yake. Yule mama akasema, "Moja." Mnunuzi akasema debe bado halijajaa, akamimina tena. Mama akamtazama mumewe, akalitazama debe, akasema, "Moja." Mnunuzi akamimina mara ya tatu. Mama akasema kwa upole, "Bado ni moja, baba?"

Bwalo zima likalipuka kwa kicheko. Hata wapishi walitoka jikoni. Mnajua sababu yake. Wengi wetu ni watoto wa wakulima wa bonde hili la Kilombero, na nyumbani tumeliona debe hilo na gunia la lumbesa, ingawa sheria ya vipimo imelikataza. Kijana yule hakutuchekesha kwa uso wake. Alikuwa na uso wa mama anayehesabu sare na madaftari ya watoto yanavyopotelea ndani ya debe. Yeye hakuona kichekesho chochote. Sisi ndio tuliokiona.

Katika vicheko hivyo nikatazama mlangoni, nikamwona Babu. Aliwasha tochi yake akaenda zake getini kabla mchezo haujaisha.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi, baada ya usafi, nikaenda getini.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mguu umepona?"

Nikaona haya, nikatazama chini. Nikasema, "Babu, naomba radhi kwa mambo ya jana."

"Radhi nimekupa. Lakini uliniiga vibaya. Niambie, mguu wangu mbovu ni upi?"

Nikajibu kwamba ni wa kulia.

"Ni wa kushoto," akasema Babu. "Wewe jana uliingia ukichechemea kwa mguu wa kulia. Ulipofika kwenye magunia ukahamia wa kushoto. Ulipokuwa unatoka ulikuwa mzima kabisa. Ningeijua dawa hiyo nisingekuwa mlinzi."

Alisema hayo bila kutabasamu hata kidogo, naye akiendelea kufunga kamba ya geti. Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha akasema neno jingine ambalo halikunichekesha. Alisema, "Mwaka wa nne huu wapita hapa kila siku, wala hujanitazama."

Ndipo akanieleza kwamba zamani alikuwa mvuvi katika Mto Kilombero. Siku moja kiboko aliupindua mtumbwi wao, na mguu ule ukavunjika. Walikuwa wawili mtumbwini. Aliyerudi nyumbani ni yeye peke yake.

Wapenzi wasomaji, tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma juu ya jambo hili katika maktaba yetu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, lugha yetu ina msemo kwamba fulani anajitekenya na kucheka mwenyewe. Msemo huu una ukweli wa kisayansi. Jaribuni sasa hivi kujitekenya kwapani, mtaona kwamba hamwezi kucheka. Mwaka 1998 wataalamu wa London, Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, waliwachunguza watu kwa mashine ya kupiga picha za ubongo wakati wakitekenywa. Wakaona kwamba mtu akitumia mkono wake mwenyewe, sehemu ya nyuma ya ubongo hujua mapema mkono utagusa wapi, kwa hiyo mguso hupoteza nguvu yake. Mtekenyo hutaka jambo usilolitazamia. Ndivyo ilivyo na kichekesho. Mchezaji anayecheka kabla ya kusema, anayekonyeza macho na kuonyesha kwa kidole kwamba kichekesho kinakuja, ametuonya mapema. Kikifika, sisi tumekwisha kukipokea na kukiweka kando. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi bwaloni.

Watu wengine hujaribu kuuficha udhaifu huu kwa kubandika vicheko. Katika miaka ya 1950 fundi mmoja wa sauti huko Marekani, Charles Douglass, alitengeneza mashine iliyohifadhi vicheko vya watu, ili vitiwe katika michezo ya televisheni palipohitajiwa. Hapana shaka kicheko huambukiza. Mtaalamu Robert Provine aliyechunguza kicheko aliona kwamba watu hucheka kama mara 30 zaidi wakiwa pamoja na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Lakini kicheko cha kubandika ni kama sukari katika uji ulioungua. Mnywaji atakunywa, lakini ataujua moshi.

Pili, mchekeshaji hushindwa kwa sababu haliamini jambo analolifanya. Mwandishi wa Urusi, Nikolai Gogol, alitunga mchezo wa kuchekesha juu ya maofisa wa mji mdogo wanaomdhania kijana mpita njia kuwa mkaguzi mkubwa wa serikali. Mchezo huo umetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ulipochezwa mara ya kwanza mjini Saint Petersburg mwaka 1836, watu walicheka, lakini Gogol mwenyewe alihuzunika. Mchezaji aliyepewa nafasi ya yule kijana alimfanya kuwa mwongo wa kawaida wa vichekesho vya siku zile, mwenye madaha mengi, wala hakuwa mtu wa kweli. Baadaye Gogol aliwaandikia wachezaji maonyo. Aliwaambia kwamba kadiri mchezaji anavyopunguza kufikiri habari za kuchekesha, ndivyo kichekesho kinavyozidi kutokea, kwa kuwa hutokana na bidii ya kila mtu katika shughuli yake mwenyewe.

Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama wa madebe. Kijana wa kidato cha kwanza hajamsoma Gogol, lakini alishughulika na mpunga wake.

Mfano mwingine ni Charlie Chaplin. Katika sinema yake ya mwaka 1925, The Gold Rush, yeye na mwenzake wamefungiwa na theluji bila chakula, naye anapika kiatu chake. Kisha anakila kiatu hicho kwa adabu kubwa, anazungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi, na anafyonza misumari kama mifupa ya kuku. Angalikikunjia uso kiatu kile, tungaliona mtu anayefanya mzaha. Lakini anakila kama mtu mwenye njaa aliyealikwa karamuni, nasi twacheka na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Hapa kwetu Tanzania alikuwako Amri Athumani, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akafariki Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 2018, wakati sisi tukiwa bado shule ya msingi. Tazameni tena michezo yake. Aigizapo mzee mkali au bahili, hasira yake ni hasira kweli kweli. Ukimwuliza habari ya shilingi yake, utadhani umemwuliza habari ya roho yake. Haombi tucheke. Anadai haki yake, ingawa haki yenyewe ni ya kipuuzi.

Tatu, mchekeshaji hushindwa kwa sababu hakumtazama mtu anayemwiga. Hapa ndipo Babu aliponishika. Wachezaji wengi wakitaka kuchekesha huiga kabila fulani kwa kuharibu matamshi mawili matatu, basi wameridhika. Mwenye kabila hilo akisikia hucheka kwa adabu tu, au hachekelei kabisa, maana hajasikia mtu wa kwao. Sasa mtazameni Benson Wanjau wa Kenya, aliyejulikana kama Mzee Ojwang katika mchezo wa Vitimbi, akafariki mwaka 2015. Yeye alikuwa Mkikuyu, lakini kwa miaka mingi aliigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi na mwendo uliokamilika hata watazamaji wengi wakaamini kwamba ni Mjaluo. Mtu hafiki hapo kwa kuharibu maneno. Hufika kwa kusikiliza miaka mingi, na anayesikiliza hivyo hawezi kuwa anadharau.

Hata Shakespeare aliwakemea wachekeshaji wa aina yangu. Katika mchezo wa Hamlet, mwana wa mfalme anawaonya wachezaji kwamba wachekeshaji wasiongeze maneno yasiyoandikwa, wala wasicheke wenyewe ili kuwavuta watazamaji wajinga wacheke, huku jambo kubwa la mchezo likisahauliwa. Onyo hilo lina umri wa miaka mia nne na zaidi, nami nililivunja lote katika dakika tano.

Nne, nalo ndilo kubwa, mchekeshaji hushindwa asipojua tofauti ya kumcheka mtu na kumchekesha mtu. Katika somo la Kiswahili tumejifunza kwamba maneno haya mawili yametoka katika mzizi mmoja. Lakini ndugu hawa wa tumbo moja hawali sahani moja. Anayemcheka mtu humtoa barazani. Anayemchekesha humkaribisha akae. Mimi nilidhani kwamba namchekesha kila mtu, kumbe namcheka mtu mmoja, na watu mia tatu waliona. Labda ndiyo maana walinyamaza. Wengi wao humpenda Babu. Yeye ndiye huwafungulia geti usiku wakipelekwa hospitali kwa malaria.

Nilimwuliza Babu, je, basi haifai kuiga watu kabisa? Akasema, "Mbona watani huiga?" Hapo akanikumbusha jambo ambalo sisi wa bonde hili tumelelewa nalo. Hapa wanaishi Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wangindo na wengine wengi, na utani ni sehemu ya maisha yetu. Katika makabila mengi ya Tanzania mtani huja msibani akafanya mambo ambayo mtu mwingine akiyafanya atapigwa. Huzuia njia ya kwenda kaburini mpaka apewe chochote. Humwiga marehemu alivyotembea, alivyokohoa na alivyodai kahawa yake. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka.

Babu akasema, "Mtani yule ameanza kwa kazi. Amechota maji, amechimba kaburi, amekesha. Tena amemjua marehemu vizuri. Akimwiga, wenye msiba humwona mtu wao amesimama tena. Wewe uliniiga mimi, nani aliniona?"

Sikuwa na jibu, na hata leo naona hilo ndilo swali ambalo kila mchekeshaji angejiuliza kabla hajapanda jukwaani. Je, watu watamwona nani? Wakimwona mtu wa kweli, mwenye haja yake na taabu yake, watacheka wenyewe bila kuvutwa. Wakiniona mimi ninayetafuta sifa kwa masizi na mto wa kitanda, watapiga miayo, nao watakuwa na haki.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu wa chama cha michezo, hasa ninyi wa kidato cha kwanza na cha pili ambao tutawaachia bwalo. Mkipewa nafasi, ulizeni kwanza mtu huyo anataka nini. Mlinzi ataka ghala lisiibiwe. Mnunuzi ataka debe lake lisijae kamwe. Mama ataka hesabu itoke moja, mbili, tatu. Shikeni haja hiyo kwa nguvu zote. Msicheke. Msiongeze maneno ukimya ukiwaogopesha, maana ukimya mwingine ni watu wanaosikiliza. Tena msichukue kilema cha mtu kuwa pambo. Kama ni lazima mtu katika mchezo achechemee, basi jueni mguu ni upi, na jueni uliumia vipi. Yamkini mkijua hayo, hamtataka tena kuuchezea.

Juma la tatu baada ya hayo tuliombwa kurudia mchezo ule kwa ajili ya wageni. Niliomba nafasi ya mlinzi ifutwe, nikapewa ya mnunuzi, kwa kuwa aliyeicheza kwanza alikuwa mgonjwa. Sikujipaka kitu. Usiku wa kuamkia siku ile nilijifundisha kuamini jambo moja tu, kwamba debe langu halijajaa. Nilipomimina mara ya tatu na yule mama akaniuliza, "Bado ni moja, baba?" mimi nilikasirika kweli. Nilimwona mama huyu kuwa msumbufu anayenicheleweshea gari. Nikasikia kelele kubwa kama ya bati likipigwa mvua ya masika. Ilinichukua kitambo kujua kwamba ni kicheko.

Sikutazama mlangoni, maana mchezaji atazamaye nani anacheka ameuacha mchezo wake. Lakini baadaye mwenzangu aliyekaa karibu na mlango aliniambia kwamba Babu alizima tochi yake, akavuta kiti, akakaa mpaka mwisho.